Kiota cha mnandi

Vijana wenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa Mbamba Bay. Mzee mmoja mvuvi alinipakia kwenye mtumbwi wake hadi kisiwa kidogo cha mawe wanapotaga minandi, wale ndege weusi wenye kifua cheupe wanaopiga mbizi kuvua samaki. Ukiwa mbali unadhani jiwe limepakwa chokaa. Ukikaribia, harufu inakuambia si chokaa.

Mzee akasema, "Frateri, tuishie hapa." Mimi nilitaka picha ya karibu, ya kuweka status. Nikashuka, nikapanda jiwe. Ndege wote wakaruka. Nikiwa bado naangalia kioo cha simu, mwewe akashuka akanyakua kifaranga.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Umemfungulia mlango, mwanangu."

Mnandi kwa kawaida hutaga mayai 3 au 4, na baba na mama hupokezana kuatamia kwa takribani wiki 4. Kifaranga huanguliwa uchi kabisa, hana unyoya. Mwili wa mzazi ndio blanketi lake usiku na mwavuli wake mchana. Na jua la Nyasa juu ya jiwe lile, we acha tu! Ukimfukuza mzazi, hata mwewe asipokuja, jua lipo.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati. Katika sura ya 14 mnandi yumo kwenye orodha ya ndege najisi. Lakini sura ya 22, aya ya 6 na 7, inakataza kumchukua mama pamoja na makinda yake, na haiulizi kwanza ni ndege gani. (Wapo walimu wa Kiyahudi wanaosema inahusu ndege safi tu.) Papa Fransisko aliikumbusha sheria hiyo katika Laudato Si', 2015, namba 68. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, niliyemsoma miaka yote ya falsafa bila kuwaza ndege hata mmoja, anafundisha kwamba anayezoea kumhurumia mnyama huwa mwepesi zaidi kumhurumia mtu.

Je, na kinyume chake? Hapo ndipo ninaposumbuka. Mungu akijalia nitakuwa padre, na watu wataniletea mambo yao yaliyo uchi kama vile vifaranga. Kilichonishusha mtumbwini siku ile ni hamu ya kuonekana.

Wiki iliyofuata nilimwomba mzee anirudishe. Tulikaa mbali, jua likiwa mgongoni. Alinifundisha kutazama shingo: ndege wakizinyoosha wote kwa pamoja, umeshakaribia mno, piga kasia urudi nyuma. Picha niliyopata ni nukta nyeusi juu ya doa jeupe, haifai hata kwa status. Ila kwa darubini ya kuazima nilimwona kifaranga akiingiza kichwa chote kooni mwa mzazi wake, akitafuta samaki, na mzazi ametulia tu, mdomo wazi.