Mwaridi Utambaao, Mmea wa Kufunika Ukingo Ulio Wazi

Watu wengi wasikiapo neno waridi hufikiri mmea usimamao wima, wenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, kama yale yanayolimwa Naivasha na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Lakini iko miwaridi ya namna nyingine, isiyokwenda juu bali hutambaa juu ya ardhi. Kimo chake kwa kawaida hakizidi futi 2, lakini matawi yake huenea futi 3 au 4, na namna nyingine huenea zaidi ya hapo. Maua yake ni madogo, nayo huchanua kwa vichala vingi pamoja. Hayafai sana kukatwa na kuuzwa. Kazi ya mmea huu ni kufunika ardhi.

Kazi hiyo si ndogo. Katika sehemu za milima ya Kenya nyumba nyingi hujengwa kwa kukata ubavu wa kilima, na nyuma ya nyumba au kando ya njia hubaki ukingo wa udongo mwekundu. Matone ya mvua huupiga udongo huo usio na kitu juu yake, yakaufumua, kisha maji yakauchukua mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka mtoni. Udongo uliokwenda namna hiyo haurudi. Ukingo uliofunikwa kwa majani na matawi haupigwi na mvua kwa nguvu ile.

Hata hivyo yafaa kusema kweli tangu mwanzo. Mwaridi hauna mizizi iliyosongamana kama ya nyasi, wala hauwezi kuzuia ukingo ulio wima usiporomoke. Mahali pa namna hiyo pahitaji ukuta wa mawe, au matuta, au majani ya kushika udongo. Mwaridi utambaao wafaa mteremko wa wastani, ambao mtu aweza kusimama juu yake akafanya kazi bila kuteleza.

ASILI YAKE

Mzazi wa mingi ya miwaridi hii ni mwaridi wa porini wa nchi za mashariki ya Asia, pamoja na Japani, wenye maua meupe madogo. Uliitwa kwa jina la Max Wichura, Mjerumani mtaalamu wa mimea, aliyefika Japani kiasi cha mwaka 1860. Matawi yake hulala chini kabisa, na penye unyevu hutoa mizizi mahali yagusapo udongo.

Wataalamu waliuchanganya na miwaridi mingine. Mwaka 1932 ulitokea Uingereza mwaridi mfupi wa rangi ya waridi uitwao The Fairy, ambao hupandwa hata leo. Mwaka 1968 Japani ilitoa Nozomi, maana yake "matumaini". Baadaye Mjerumani Werner Noack alitoa ule uuzwao katika nchi nyingi kwa jina la Flower Carpet, uliosifiwa kwa kuvumilia magonjwa. Nozomi huchanua mara moja tu katika majira yake, bali The Fairy na Flower Carpet hurudia kuchanua. Mwenye bustani na aulize jambo hilo kabla ya kutoa fedha zake.

MAGUGU KWANZA

Sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Watu wengi huambiwa ya kuwa mmea ufunikao ardhi huua magugu wenyewe, nao hupanda upesi katikati ya majani, wakingoja ushindi. Huo ni udanganyifu. Mwaridi huzuia mbegu za magugu zisiote baada ya kuwa umekwisha kuenea, lakini hauwezi kushinda magugu yaliyokuwapo kabla yake. Tena una miiba. Sangari au majani ya Kikuyu yakiisha kupenya katikati ya matawi, hakuna mkono wala jembe liwezalo kuingia na kuyang'oa, na mara nyingi hubidi kung'oa vyote na kuanza upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi kazi na ianze wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari au Februari. Majani ya Kikuyu na sangari yachimbwe kwa uma pamoja na mashina yote yatambaayo chini ya udongo, kwa kuwa kipande kidogo kikisalia huchipuka. Ndago zichimbwe pamoja na vijiazi vyake. Vitu hivyo vyote vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, wala visitiwe katika shimo la mboji vikiwa vibichi. Kisha mahali pale paachwe majuma matatu, pakinyweshwa maji kidogo, ili kilichobaki kichipuke na kung'olewa kwa mara ya pili.

Lakini kuna hatari hapa. Mtu akiuchimba ukingo mzima kwa mara moja, mvua ya kwanza itauchukua udongo uleule aliotaka kuuhifadhi. Njia iliyo njema ni kusafisha ukanda mmoja wa futi 3, ukikata mteremko kwa ubavu, na kuuacha ukanda unaofuata na majani yake. Ukanda wa kwanza ukiisha kushika, ndipo ukanda wa pili usafishwe. Mpakani mwa kanda hizo mbili uchimbwe mfereji mwembamba wenye kina cha shubiri moja, na majani yavukayo yakatwe kila baada ya majuma machache.

KUPANDA

Mahali pawe na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Chini ya miti mikubwa mwaridi hurefuka, hudhoofika na kukosa maua. Mche uliooteshwa kwa mizizi yake wenyewe ni bora kuliko uliobebeshwa, kwa sababu machipukizi ya shina la chini ni vigumu kuyatambua katikati ya matawi yaliyolala.

Mvua ndefu zianzapo, kwa kawaida mwezi wa Machi au Aprili, yachimbwe mashimo ya futi 1 na nusu kwenda chini na upana wake vilevile. Kutoka shimo hata shimo iwe futi 2 na nusu au 3 kwa aina zisizoenea sana. Mashimo ya mstari wa chini yasielekeane na ya mstari wa juu, bali kila moja liwe katikati ya mawili, ili maji yasipate njia iliyonyooka. Kila shimo litiwe nusu debe ya samadi iliyooza vizuri, ichanganywe na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Baada ya kupanda, udongo wa upande wa chini uinuliwe kama nusu ya sahani, ili maji yasimame kwenye shina. Kisha ardhi yote ifunikwe kwa majani makavu yasiyo na mbegu, au mabua ya mahindi, unene wa inchi 3, lakini yasiguse shina. Mvua ikikatika, kila mche upewe maji mengi mara mbili kwa juma, mpaka uonekane umeshika.

UTUNZAJI

Mwaka wa kwanza palizi ifanywe kwa mkono bila kukosa, maana miche ingali midogo na mkono waweza kupita. Mara moja kwa mwaka, karibu na mwisho wa kiangazi, matawi yaliyokufa yaondolewe, na yaliyo marefu mno yapunguzwe kwa theluthi. Tawi lisimamalo wima likatwe juu ya chipukizi lielekealo nje. Glavu nene na mikono mirefu ya shati ni za lazima.

Wakati wa mvua huweza kutokea madoa meusi, na majani huwa manjano na kuanguka. Majani hayo yaokotwe na kuchomwa, na maji yamwagwe asubuhi kwenye mizizi, si juu ya majani. Vidukari huondolewa kwa maji ya nguvu. Wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni wasiuawe, kwa kuwa hula vidukari.

KUONGEZA MICHE

Asiye na fedha za kununua miche ya ukingo mzima aweza kuanza na mitatu. Tawi refu lilazwe chini, gamba la upande wa chini likwaruzwe kidogo, lifukiwe inchi 2 au 3, na jiwe liwekwe juu yake. Baada ya miezi kadhaa likiwa na mizizi, likatwe na kuhamishiwa ukanda unaofuata. Hivyo kazi ya kusafisha na kazi ya kupanda huendelea sawasawa, na ukingo haubaki wazi hata majira moja.