Moyo wa Mfungwa

SWALI: Bwana Tabibu, kaka yangu wa miaka 52 ametiwa gerezani mwezi uliopita. Alikuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi, naye ni mvutaji sigara. Je, kifungo chaweza kumzidishia maradhi ya moyo? – Dada Mtu, Tanga.

JIBU: Dada yangu, kifungo chenyewe si maradhi, lakini maisha ya gerezani aghalabu hukusanya mahali pamoja mambo yauchoshayo moyo: usingizi wa kukatika katika chumba kilichosongamana, ghamu ya watoto walioachwa nyumbani, na tumbaku, ambayo katika magereza mengi hushika mahala pa fedha, hata asiyevuta akaivuta kwa pua katika moshi wa wenziwe.

Hata hivyo, kilichonishtua zaidi katika barua yako ni vile vidonge. Mtu akamatwapo hatoki kwake na kadi ya kliniki mfukoni. Hupita kituoni, akapita mahakamani, hata akafika lango la gereza, na siku zote hizo hajameza kitu, ilhali presha, ambayo aghalabu haina dalili, yapanda kimya kimya kupita 140 kwa 90, naye, madhali kichwa hakimuumi, akadhani amepoa. Basi itafute kadi yake, uipeleke pamoja na jina la dawa na kipimo chake, uikabidhi mkononi mwa mganga wa gereza, umwombe ampime.

Usione haya kuomba, kwani hiyo si hisani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina la Nelson Mandela, zasema kwamba mfungwa atibiwe kwa daraja ile ile ya raia aliye nje, na kwamba asiyefanya kazi ya nje apate walau saa 1 kila siku ya kunyoosha viungo mahali pa wazi. Saa hiyo kaka yako asiipoteze kwa kuketi kivulini.

Ukiruhusiwa kumpelekea chakula, kipike kwa chumvi haba, maana kiasi cha siku nzima hakipasi kufika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Sigara usimpelekee, hata akikusihi.

Na umwambie hili siku ya kumzuru: kifua kikimbana, maumivu yakapanda tayani au yakashuka mkononi, na jasho jembamba likamtoka, asingoje kupambazuke, yeye na wenziwe wamwite askari saa ile ile.