Njia ya Misioni za California: Mtakatifu na Makaburi



Huko California, Marekani, kuna njia ya zamani inaitwa El Camino Real, yaani Barabara ya Mfalme. Inaanzia San Diego na kupanda kaskazini, upande wa Bahari ya Pasifiki, hadi Sonoma: zaidi ya kilomita 900, misioni 21. Leo sehemu kubwa ni lami na magari, ila wapo mahujaji wanaoitembea kwa miguu, misioni hadi misioni.

Ilianza mwaka 1769, Wahispania walipokuja kuikalia pwani hiyo. Pamoja nao alikuja Padre Junípero Serra, Mfransisko mwenye miaka 55. Kwao Mallorca alikuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu. (Sisi tuliosoma falsafa tunajua: kufunga vitabu na kushika njia si mchezo.) Alikuwa na mguu mbovu tangu alipotembea kutoka Veracruz hadi Mexico City, na bado akaendelea. Baba Mtakatifu Fransisko alipomtangaza mtakatifu, Septemba 2015, alitukumbusha kaulimbiu yake: daima mbele. Wana Yanga tulieni, hamkuwa wa kwanza!

Sasa upande mwingine. Mwenyeji akishabatizwa hakuruhusiwa kuondoka misioni apendavyo. Akitoroka, askari walimfuata, akarudishwa, mara nyingi akachapwa viboko. Magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliua watu wengi mno. Misioni ya Santa Barbara pekee, zaidi ya Wachumash 4,000 wamezikwa pale.

Na Serra mwenyewe je? Mwaka 1773 alikwenda hadi Mexico City kwa mwakilishi wa mfalme kumshtaki kamanda wa askari. Mwaka 1775 Wakumeyaay walichoma misioni ya San Diego, wakamuua Padre Luis Jayme. Serra aliomba waliofanya hivyo wasiuawe. Mtu huyohuyo alitetea viboko, eti ni baba anawaonya wanawe.

Tukiambiwa mtandaoni kwamba imani yetu ni dini ya wakoloni, wengi tunakimbilia kukana. Mimi naona huo ni woga. Kanisa likimtangaza mtu mtakatifu halisemi kila alichofanya kilikuwa sawa. Na mwaka huohuo wa 2015, mwezi Julai kule Bolivia, Fransisko aliomba msamaha hadharani kwa makosa waliyotendewa wenyeji wa Amerika wakati wa uvamizi.

Tusome Lk 24:13-35. Wale wawili wa Emau wako njiani, wamekata tamaa. Yesu anajua yote, lakini anawauliza wanazungumza nini, anawaacha waseme habari yote ya kifo, ndipo anawafafanulia Maandiko. Hakuwaruka.

Kule Carmel, Serra amezikwa ndani ya kanisa. Nje, ubavuni, kuna makaburi ya wenyeji, mengine yamezungushiwa magamba ya konokono wa baharini. Hujaji anasali ndani, kisha anatoka kusali nje.

Wiki hii kwenye kikundi chenu, ulizaneni: parokia yetu ilianzishwa lini, na nani? Ardhi ilikuwa ya nani? Makatekista wa kwanza walizikwa wapi, na kuna anayesafisha makaburi yao? Waulizeni wazee kabla ya Jumapili. Mkipata majina, yapelekeni kwa paroko yaombewe kwenye Misa.