Usitazame Rangi, Vuta Jani la Kati

Mang'ola, kwenye vitunguu vyetu vya umwagiliaji, swali ni lilelile siku ya nne au ya tano baada ya kupiga dawa ya nyasi: "Mbona shamba bado la kijani? Umeuziwa maji." Dawa feki zipo, sikatai. Ila siku ya tano ni mapema mno kumsema mwenye duka.

Mimi husubiri kama wiki hivi, kisha nashika jani changa kabisa la katikati na kulivuta taratibu. Likichomoka bila ubishi na kitako chake kimegeuka kahawia na kuoza, nyasi hiyo imekwisha, hata kama majani ya nje yangali mabichi.

Dawa hizi za nyasi, yaani haloksifopu, fluazifopu na klethodimu, huingia kupitia majani, halafu hufuata njia inayopitisha sukari hadi sehemu zinazokua: kitovu cha mche, vifundo vya shina, na ncha za yale mashina ya ukoka yanayotambaa chini kwa chini. Huko huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa asidi za mafuta. Bila asidi hizo mmea hauwezi kuunda utando wa seli mpya, basi ukuaji unasimama. Majani ya zamani yana utando wake tayari, ndiyo maana hukawia: kwanza njano au zambarau, kisha kukauka, kwa wiki mbili au tatu.

Kitunguu nacho hunywa dawa hiyohiyo. Watu hushangaa, maana jani lake jembamba na hakifanani na maharage hata kidogo. Lakini hakimo katika ukoo wa nyasi. Kimeng'enya hicho ndani ya kloroplasti za nyasi kina umbo ambalo dawa inalinasa. Cha kitunguu, maharage au alizeti kimeundwa kwa vipande kadhaa tofauti, na dawa haipati pa kushika. Ngano ina habari yake: kimeng'enya chake kinanasika, ila kuna dawa za kundi hili ambazo yenyewe huzivunja upesi kabla hazijadhuru, tena dawa hizo hutiwa kinga maalumu kiwandani. Mahindi hayana bahati hiyo. Upepo ukielekea kwenye mahindi ya mtu, weka bomba chini.

Kwa kuwa dawa husafiri na sukari, nyasi iliyosinyaa kwa kiu haiifikishi popote. Kwa hiyo namwagilia kwanza, naacha nyasi ichangamke, ndipo napiga ikiwa na majani mawili hadi manne, asubuhi, kwa kipimo cha kwenye lebo. Ukoka nauacha uchipue majani ya kutosha kupokea dawa. Ukiukata kwa jembe siku hiyohiyo, umeikatia dawa njia. Na sichanganyi na 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, bombani: hiyo ingedhuru vitunguu vyenyewe, na hata kwenye mazao mengine hupunguza makali ya dawa ya nyasi.

Ndago je? Viringisha shina lake kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Hiyo si nyasi, na dawa hizi haziigusi. Hapo mimi hushika jembe.

Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na nyasi za mashambani zilizokwisha kuwa sugu kwa kundi hili. Kwa hiyo miche michache inayopona baada ya dawa naing'oa kwa mkono kabla haijamwaga mbegu.