Mgonjwa wa Kisukari na Ibada Zake

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ndugu waliojiunga karibuni na Jumuiya yetu, na hata na wale ambao bado wanachunguza, ni hili: Je, mtu aliyepatwa na maradhi yasiyoondoka, yanayomlazimu kumeza dawa kila siku ya maisha yake, aifahamu vipi hali yake mbele ya Mwenyezi Mungu, na aziendeshe vipi sala zake na funga zake? Maradhi ya namna hii ni mengi, kama vile shinikizo la damu, pumu na kifafa. Katika somo hili tutashika ugonjwa wa kisukari, kwa kuwa umeenea mno katika miji yetu, na kwa kuwa una habari ya pekee katika historia ya Jumuiya yetu, kama msomaji atakavyoona.

Kwanza hatuna budi kuondoa fikira mbili zinazomdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Fikira ya kwanza ni kuwa maradhi ya kudumu ni alama ya ghadhabu ya Mungu. Kuna ndugu aliyeugua baada ya kuingia katika Ahmadiyya, na jamaa zake wakamwambia, "Unaona sasa? Hayo ndiyo malipo ya kuacha dini ya wazee wako." Maneno hayo yanachoma, hasa kwa mtu aliyetengwa tayari na nduguze. Lakini Kurani Tukufu inatueleza habari za Nabii Ayubu a.s., aliyepatwa na dhara akamlilia Mola wake (21:84), wala hakuna Mwislamu athubutuye kusema kuwa Ayubu alikuwa amekasirikiwa. Tena aangalie msomaji jinsi msaada ulivyomjia. Katika Sura Sad (38:43) tunasoma kuwa alionyeshwa maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Nabii aliomba, na jibu la maombi yake likawa kuonyeshwa njia ya kutumia.

(Wenye Kurani zisizohesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura watafute aya hizi, na nyingine tutakazozitaja, nambari moja nyuma.)

Fikira ya pili inafanana na ucha Mungu, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Mtu husema, "Mimi namtegemea Mungu, basi dawa ya kila siku ya nini?" Mtume Mtukufu s.a.w. aliulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaamuru wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kadhalika, mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa jina la kutegemea, alifundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kidonge cha asubuhi ndiyo kamba ya ngamia wa mgonjwa. Na kamba hiyo haifungwi mara moja tu kwa maisha yote. Hufungwa kila siku.

Sasa tuje katika ile habari ya pekee. Katika Sahihi Muslim imo hadithi mashuhuri ya kushuka kwa Masihi, ambamo Mtume s.a.w. alieleza kuwa Masihi atateremka akiwa amevaa nguo mbili za rangi ya manjano. Wale wanaochukua kila neno kwa dhahiri wanangoja mpaka leo mtu ashuke kutoka mbinguni na shuka zake mbili. Lakini elimu ya tafsiri ya ndoto na kashfu inafundisha kuwa nguo ya manjano maana yake ni ugonjwa. Hadhrat Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alieleza kuwa nguo hizo mbili ni maradhi mawili aliyokuwa nayo: moja katika sehemu ya juu ya mwili, yaani kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na jingine katika sehemu ya chini, yaani wingi wa mkojo, nao ndio ugonjwa wa kisukari. Aliandika mwenyewe ya kuwa nyakati nyingine haja ndogo ilimwinua kadiri ya mara 100 kwa usiku au mchana mmoja.

Wapinzani walimdhihaki kwa sababu ya maradhi hayo. Sisi twasema, dhihaka yao yageuka kuwa ushahidi. Nani angejizulia dai la unabii kisha achague ugonjwa wa kisukari uwe alama yake? Na mtu huyo aliyeinuka mara nyingi hivyo aliandika zaidi ya vitabu 80, kuanzia Barahini Ahmadiyya kilichoanza kutoka mwaka 1880 mpaka ule ujumbe wa amani baina ya Waislamu na Wahindu, alioumaliza mjini Lahore siku moja tu kabla ya kufariki kwake tarehe 26 Mei 1908.

Aliwezaje? Twajua baadhi ya desturi zake. Aliandika huku akitembea chumbani, kwenda na kurudi, na wino umewekwa mahali pa kuufikia katika matembezi hayo. Asubuhi alikuwa na desturi ya kutoka Qadian kwa miguu pamoja na masahaba wake, na katika matembezi hayo akajibu maswali yao. Waganga wa leo wakimwandikia mgonjwa wa kisukari cheti cha kutembea kila siku, hawamwandikii jambo geni kwetu. Tena hakudharau dawa wala matabibu. Aliyekuwa wa kwanza kufanya baiati mkononi mwake, Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa kwanza, alikuwa tabibu mashuhuri wa bara Hindi, aliyewahi kuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir.

Wakati huo ugonjwa huu haukuwa na dawa ya kutegemewa. Insulini, yaani ile maji ya kongosho inayoupa mwili uwezo wa kutumia sukari ya chakula, iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na Waislamu wengi wakatiwa mashaka. Mwenye dharura alikuwa na ruhusa ya wazi ya Kurani (2:174), lakini leo sehemu kubwa sana ya insulini hutengenezwa kwa bakteria au hamira zilizotiwa mpango wa insulini ya binadamu. Ya kwanza ya namna hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1982. Basi asiiache mtu kwa hofu ya nguruwe.

Hapa tuingie katika mambo ya kila siku, na tuanze na udhu, kwa sababu sijui mafundisho mengine ya dini yanayomfaa mwenye kisukari kuliko haya. Sukari nyingi ikikaa katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na kuziba mishipa midogo ya damu, hasa miguuni. Mguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari asihisi, akachubuliwa na kiatu asihisi, akaja kutambua kwa harufu wakati kidonda kimekwisha kula nyama; na wengi wamekatwa miguu kwa jeraha ambalo mwanzoni lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Madaktari husema: Tazama miguu yako kila siku. Mwislamu huiosha mara tano, na Mtume Mtukufu s.a.w. ameamuru maji yapitishwe katikati ya vidole. Anachopungukiwa ni kutazama tu. Basi mwenye kisukari, walau katika udhu mmoja wa mchana wakati nuru ni ya kutosha, akae chini, ainue kila mguu, atazame unyayo, kisigino na katikati ya kila kidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo kidogo sakafuni au amwombe mwanawe amtazamie. Akimaliza akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, kwa maana unyevu unaobaki huzaa fangasi, nao hupasua ngozi. Na kama maji yamepashwa moto, ayajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu, kwani mguu uliokufa ganzi huungua bila kusema.

Tukiwa bado katika udhu: mwenye haja ndogo isiyozuilika asikate tamaa ya sala. Mwanamke mmoja aliyetokwa na damu isiyokoma aliamriwa na Mtume s.a.w. atawadhe kwa kila sala, asali. Na mwenye udhuru wa mkojo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Msikitini viatu huachwa mlangoni. Mwenye ganzi avae soksi safi ndani, wala asitembee peku katika ua wa sementi wakati wa adhuhuri. Akitoka, aingize mkono katika kiatu kabla ya mguu, apapase kama hakuna kijiwe.

Jambo la pili ni saa za dawa. Wagonjwa wengi hupewa dawa ya kutumia mara mbili kwa siku pamoja na chakula, nao husahau. Katika nchi zetu za karibu na Ikweta Mungu ametupa saa isiyobadilika sana mwaka mzima: kati ya kifungua kinywa cha baada ya Alfajiri na chakula cha baada ya Magharibi ni kama saa 12. Dawa ikiwekwa karibu na msala, sala itaikumbusha. (Ndugu walioko Ulaya wasiige hesabu hii, maana huko Magharibi ya Juni huingia wakati sisi tumekwisha lala.) Pamoja na dawa iwepo daftari. Mwenye mashine ya kupimia sukari aandike tarehe, saa na kipimo. Asiye nayo aandike siku aliyopimwa kliniki na dawa aliyopewa. Daktari anayeona daftari la miezi mitatu hutibu kwa ujuzi, asiyeliona hubahatisha.

Mwenye kudunga insulini, kama hana friji, aweza kuifaa kwa mtungi. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati ujaze mchanga, uuloweshe maji kila siku, uweke kivulini, na dawa ikae ndani katika chombo kikavu kilichofunikwa. Maji yakipaa hupoza. Isiachwe garini, wala kugandishwa kwa barafu, kwani insulini iliyoganda imekufa.

Tena asikose sukari mfukoni. Huenda jambo hili likamchekesha asiyejua, kuwa mgonjwa wa sukari abebe sukari. Lakini dawa ikizidi chakula, sukari ya damu hushuka, na ikifika chini ya 4 katika mashine za milimoli, au 70 katika zile za miligramu, mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, huchanganyikiwa, na akiachwa huzimia. Vijiko vidogo vitatu vya sukari au kijiko kikubwa cha asali hutosha kuanza. Apime tena baada ya dakika 15. Likimpata katikati ya sala, akate sala, anywe, sala itarudiwa. Mwenziwe wa safu ajue habari zake, asije akadhani ni jini akaanza kumsomea badala ya kumpa soda. Aliyekwisha zimia asitiwe kitu kinywani; apelekwe hospitali mara moja.

Limebaki suala la Ramadhani, nalo ni zito kwa waliojiunga karibuni. Mtaani watu humwambia Ahmadiyya kuwa si Mwislamu. Ramadhani ikija, huyu mgonjwa wa kudungwa sindano huona haya kula mchana, kwa kuwa watasema, "Tulijua, hata kufunga wameacha." Basi hufunga, akaacha sindano au akadunga bila kula, na siku ya nne huchukuliwa na machela. Naelewa sana uchungu wa ndugu huyu. Lakini amefunga kwa ajili ya nani?

Mwenyezi Mungu amesema waziwazi katika Sura Albakara (2:185 na 186) kuwa mgonjwa na msafiri watimize hesabu katika siku nyingine, na kwamba Yeye hututakia wepesi wala hatutakii uzito. Hadhrat Masihi Aliyeahidiwa a.s. alifundisha kwa mkazo kuwa mgonjwa au msafiri anayefunga katika Ramadhani anaasi amri iliyo wazi, kwa maana wokovu hupatikana kwa fadhili za Mungu, si kwa nguvu za matendo yetu. Wala hakufundisha wengine tu. Mkewe, Hadhrat Amman Jan r.a., amesimulia kuwa alipopatwa na mashambulio ya maradhi aliacha funga na akatoa fidia.

Hata hivyo si kila mwenye kisukari yuko sawa. Wapo wanaojitibu kwa chakula tu, au kwa kidonge ambacho hakishushi sukari ghafula, na daktari aweza kuwaruhusu. Aulizwe mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, si usiku wa kuandama mwezi. Mwenye kutumaini kupona atalipa siku zake baadaye. Mwenye maradhi yasiyotazamiwa kuondoka atalisha maskini mmoja kwa kila siku, chakula cha kadiri ya kile anachokula nyumbani kwake. Na atoapo aombe kupewa uwezo, maana Hadhrat Ahmad a.s. alieleza kuwa fidia ni njia ya kuomba uwezo huo kwa Mungu. Ramadhani haijamfungia mlango: iko Kurani ya kusoma, iko Tarawehe, iko sadaka. Na Mtume Mtukufu s.a.w. ametubashiria kuwa mja anapougua au kusafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi wa mji.

Chakula chake cha mchana akile ndani kwa adabu, asijitangaze wala asijifiche kama mwizi. Jirani akiuliza, amfungulie aya hiyo katika Kurani yake huyo jirani, kwa kuwa imo humo vilevile.