Nyonga za Mbwa wa Ulinzi

Mkulima, ukinunua mbwa wa jamii ya Alsatian kulinda boma lako, chunguza nyonga zake. Jamii hii ni hodari, lakini ina ugonjwa wa kurithi: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake. Kiungo hulegea, husagika, na mwisho mbwa huumwa. Huamka kwa shida, na akikimbia hurusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura. Unene huzidisha ugonjwa huu, lakini asili yake ni damu ya wazazi.

Macho hayatoshi. Mbwa aweza kutembea vizuri na huku akawarithisha watoto wake ubovu. Kipimo ni picha ya eksrei. Huko Marekani, shirika la Orthopedic Foundation for Animals, lililoanzishwa mwaka 1966, hukagua picha hizo na kuweka matokeo katika kumbukumbu. Halitoi cheti cha nyonga mpaka mbwa atimize miezi 24. Lakini matokeo mabaya hutangazwa kwa idhini ya mwenye mbwa tu, kwa hiyo mnunuzi huenda asiyaone.

Basi fanya hivi:

1. Uliza habari za baba, mama na ndugu zake.
2. Usizalishe mbwa aliye chini ya miaka miwili, wala mwenye nyonga mbovu.
3. Mbwa wako akichechemea, mwone daktari wa mifugo, kisha mwarifu aliyekuuzia.

Ukinyamaza, jirani yako atanunua ugonjwa ule ule.