Somo la Mwezi: Safari Ndefu Baada ya Kustaafu



Neno "karavani" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara: watu na wanyama wenye mizigo wanaofuatana njiani. Siku hizi Waingereza na jamaa zao wa ng'ambo hulitumia kwa kitu kingine, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu inayokokotwa na gari. Ndani mna kitanda, meza na jiko, na mara nyingi choo. Mmoja wa watu wa kwanza kujengewa nyumba ya namna hiyo kwa ajili ya matembezi tu alikuwa mstaafu, Dkt. William Gordon Stables, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Yake ilitengenezwa Bristol mwaka 1885, nayo ilivutwa na farasi wawili.

Leo wastaafu wanaojulikana sana kwa safari hizi ni wale wa Australia. Wenzao huwaita kwa utani "wahamaji wenye mvi". Hufunga nyumba zao, wakaizunguka nchi kwa miezi sita, kwa mwaka, au zaidi. Barabara Kuu Namba 1, inayozunguka bara lile lote, ina urefu wa kilomita 14,500 hivi.

Katika somo hili tutaangalia jinsi wanavyojiandaa. Huenda wengi wetu hatutakokota nyumba barabarani, lakini kila anayestaafu hupata nafasi ambayo hakuwa nayo, na hushika mkononi fedha ambazo hatazipata mara ya pili. Kijana akikosea hesabu, mshahara wa mwezi ujao humsaidia. Mzee hana mshahara huo. Kwa hiyo maandalizi yake hayana budi kuwa ya makini zaidi. Nayo, kama tutakavyoona, si kazi ya kuongeza vitu, bali ni kazi ya kupima na kupunguza.

1. Wawili wapatane kwanza

Mara nyingi mmoja ndiye mwenye hamu ya safari, na mwenzake hukubali ili kulinda amani. Hapo ndipo shida huanzia. Watu waliozoea kuachana asubuhi na kukutana jioni sasa watakaa pamoja usiku na mchana katika chumba cha hatua chache. Yafaa wazungumze mapema: tutakwenda kwa muda gani? Tutatumia kiasi gani kwa mwezi? Ni jambo gani likitokea tutageuza gari turudi? Tena ni vema kukodi karavani kwa wiki mbili na kuijaribu karibu na nyumbani kabla ya kununua. Wiki mbili za mvua zitawafundisha mengi kuliko maneno ya muuzaji.

2. Mzigo upimwe

Hili ndilo jambo kubwa, na wengi hulidharau. Kila karavani ina uzito wake ikiwa tupu, na ina kikomo ambacho haipaswi kukipita ikiwa imepakiwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mzigo unaoruhusiwa. Tuchukue mfano. Karavani tupu ina kilo 2,200, na kikomo chake ni kilo 2,700. Mwenyewe hufurahi: nina kilo 500! Lakini lita moja ya maji ni kilo moja. Akijaza matangi mawili ya lita 90, kilo 180 zimekwisha. Gesi ya mitungi miwili ya kilo 9 ni kilo 18. Zimebaki kilo 302, na bado hajapakia chakula, nguo, vyombo, viti, jeki, spana, wala baiskeli mbili alizoahidi wajukuu.

Gari nalo lina vikomo vyake. Magari mengi makubwa yanaruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500, lakini kiko kikomo kingine cha gari na karavani vikiwa pamoja. Ukilijaza gari abiria na mizigo, uwezo wa kukokota unapungua. Tena karavani hulikandamiza gari mahali vinapoungana. Kwa kawaida hushauriwa kwamba mkandamizo huo uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani. Kwa karavani yetu ya kilo 2,700 ni kilo 270, sawa na watu wazima wanne waliokalia nyuma ya gari. Nao huhesabiwa kuwa mzigo wa gari.

Basi, dawa ni moja: pakieni kama siku ya kuondoka, jazeni maji na mafuta, mpeleke vyote kwenye mizani ya magari. Makisio ya macho hayatoshi. Anayepita kikomo huhatarisha maisha yake na ya wengine, anaweza kutozwa faini, na huenda kampuni ya bima ikakataa kumlipa baada ya ajali.

Namna ya kupanga vitu nayo ina maana. Vizito vikae chini, karibu na ekseli. Vikirundikwa nyuma kabisa, karavani huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na yaweza kulipindua gari. Ikianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu, wala asipambane na usukani. Ashike usukani sawasawa, aondoe mguu kwenye mafuta, na kama kuna kitufe cha breki za karavani peke yake, akitumie taratibu.

3. Wote wawili wajifunze

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika safari hizi mara nyingi mume huendesha, hufunga kiungio na kushughulikia gesi. Mke hupika, hutunza dawa na kusoma ramani. Kila mmoja huiona kazi ya mwenzake kuwa nyepesi. Lakini mume akishikwa na moyo mahali palipo kilomita 200 kutoka mji wa karibu, je, mke ataweza kuendesha? Na mke akiugua, mume anajua dawa zake ni zipi na humezwa saa ngapi? Kila mmoja na ajue kazi zote: kufunga na kufungua, kurudi nyuma (ambapo usukani hugeuzwa kinyume cha mazoea), kubadili tairi, kuzima gesi. Viko vyuo vinavyofundisha kukokota, na ada yake haizidi hasara ya siku moja.

4. Njia na majira

Kaskazini mwa Australia huwa na mvua kubwa na vimbunga kuanzia Novemba hadi Aprili, na barabara hukatika. Ndiyo maana wenye busara huenda kaskazini kati ya Mei na Oktoba, na kukaa kusini wakati wa joto. Kusini kuna uwanda wa Nullarbor, jina lenye maana ya "hakuna mti". Huko kipo kipande cha barabara kisicho na kona hata moja kwa kilomita 146.6. Vituo vya mafuta viko mbalimbali. Anayeingia jimbo la Magharibi hukaguliwa mpakani, na matunda, mboga mbichi na asali huchukuliwa, ili wadudu na magonjwa ya mimea yasiingie.

Malori yenye matela matatu hufikia urefu wa mita 53.5. Kuyapita kunahitaji nafasi kubwa na subira kubwa zaidi. Alfajiri na magharibi kangaruu huruka barabarani, kwa hiyo safari imalizike jua lingali juu.

5. Afya

Daktari aonwe miezi kadhaa kabla, si wiki ya mwisho. Meno na macho yaangaliwe. Orodha ya dawa iandikwe na kuwekwa mahali ambapo hata mgeni ataiona. Sehemu nyingi za bara simu haziapati mtandao, hivyo wengi huchukua redio ya gari au chombo kinachotumia setilaiti. Wagonjwa wa mbali husaidiwa na Huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzishwa mwaka 1928 kwa jitihada za mchungaji wa Kipresbiteri, John Flynn. Ni msaada mkubwa, lakini ndege nayo huchukua muda kufika.

6. Nyumba inayobaki

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wako wanaouza nyumba ili wanunue karavani, kisha miguu ikichoka hawana pa kurudi. Tunashauri wasiharakishe. Wosia uandikwe, hati za mali ziwe mahali panapojulikana, na mtu mwaminifu apewe kwa maandishi mamlaka ya kushughulikia mambo yao wakiwa mbali. Fedha za kurudi nyumbani kwa ghafla zitengwe, wala zisiguswe kwa jambo lingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya vitu tunavyovibeba katika safari, ni vipi tunavibeba kwa hofu tu wala si kwa haja?
2. Je, mwenzi wako angeweza kufanya kazi zako zote kwa juma moja? Ni ipi utaanza kumfundisha?
3. Fedha za kustaafu zikipatikana leo, ni kiasi gani kisiguswe kabisa, na nani atakumbushwa kulinda ahadi hiyo?